TUZIJUE DISKI ZINAZOTUNZA MAJINA YETU



Katika toleo hili tumeona yafaa tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho, ingawa majina yetu yote yamo ndani yake. Kitu hicho ni seva ya chama, yaani ile kompyuta kubwa iliyo katika chumba cha nyuma cha ofisi yetu hapa Juba. Humo mna daftari la wanachama: jina la kila mmoja, kiwanda au shamba analofanyia kazi, tarehe aliyoandikwa kazi, na ada aliyolipa mwezi hadi mwezi.

Baadhi ya ndugu wametuuliza, "Mambo ya kompyuta yatuhusu nini sisi wa kiwandani na wa mashamba ya mitiki?" Jibu letu ni hili. Siku mwajiri anapokuachisha kazi na kusema umemfanyia miaka mitatu, nawe wajua ni tisa, chama hutafuta nini ili kukutetea? Hutafuta maandishi. Mdomo mtupu haushindi shauri. Na siku hizi maandishi ya chama hayamo kabatini; yamo ndani ya diski. Kwa hiyo diski ikifa na maandishi yakafa nayo, miaka yako tisa imekuwa mitatu.

Sisi tunaoandika maneno haya tulisoma shule ya msingi tu, na hatukuzaliwa tukijua mambo haya. Tulifundishwa na fundi, tena baada ya kuumia. Tutaanza na jinsi tulivyoumia.

KILICHOTUPATA

Seva yetu ilikuwa na diski nne zilizounganishwa. Jioni moja, kamati ikiwa katika mkutano chumba cha pili, seva ilianza kupiga kelele kama king'ora. Mmoja wetu akamwambia karani aizime kelele hiyo ili tusikilizane. Karani alitafuta, akaizima. Tulimshukuru, mkutano ukaendelea.

Mbele ya mashine taa moja ilikuwa imeacha rangi ya kijani na kuwa ya manjano. Kila mmoja wetu aliiona alipopita, na kila mmoja alidhani mwenzake anajua maana yake. Tulipita mbele ya taa hiyo kwa siku arobaini. Siku ya arobaini na moja diski ya pili ilikufa, na daftari la wanachama halikufunguka tena.

Nakala ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi saba nyuma, ndani ya kifaa kidogo kilichosahauliwa mtotoni mwa meza. Ilitubidi tupeleke habari katika kila tawi. Wawakilishi wa wafanyakazi walileta madaftari yao ya mkono, na wanachama walileta stakabadhi zao. Kwa juhudi hiyo tulirudisha sehemu kubwa.

Lakini mzee mmoja wa shamba la mitiki alikuwa na shauri lake la malipo wiki ile ile. Stakabadhi zake zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba yake miaka iliyopita, naye alitutegemea sisi. Tulichelewa. Hakuweza kungoja, kwa sababu watoto hawangoji, akapokea fungu dogo kuliko haki yake. Kosa hilo si la mwajiri peke yake. Ni letu pia, na ni deni ambalo hatujalilipa.

DISKI NI NINI, NA KWA NINI HUFA

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka, katika nyingi mara 7,200 kwa dakika moja, mchana na usiku. Kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani karibu mno bila kuigusa. Mfanyakazi yeyote wa kiwanda anajua kwamba chuma kinachozunguka bila kupumzika kina siku yake ya kuchakaa. Ziko pia diski za chipu ambazo hazizunguki, lakini nazo huchoka kwa kuandikwa mara nyingi. Kwa hiyo swali si kama diski itakufa. Swali ni itakufa lini, na siku hiyo tutakuwa tumejiandaa au hapana.

Tena hapa kwetu kuna joto. Mwezi wa Machi 2024 Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto kali, na Februari 2025 ikazifunga tena. Joto linalomtoa mtoto darasani haliiachi mashine salama katika chumba kisicho na dirisha.

UMOJA WA DISKI

Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa maandishi yenye shabaha rahisi. Walisema badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kali, unganisha diski nyingi ndogo za bei nafuu, zifanye kazi kama moja, na uzipange hivi kwamba moja ikianguka zilizobaki zishike kazi yake. Mpango huo huitwa reidi. Sisi wa chama cha wafanyakazi hatuhitaji kufundishwa sana maana yake. Wanyonge wakiungana hupata nguvu ya tajiri.

Lakini kama ilivyo katika vyama, si kila muungano ni umoja wa kweli. Ziko aina mbalimbali, na hupewa namba. Tuseme tuna diski nne, kila moja ina nafasi ya terabaiti 4.

Aina ya 0: Kazi hugawanywa kwa wote, nafasi ni terabaiti zote 16, na mwendo ni wa kasi. Lakini hakuna anayemshika mwenzake. Diski moja ikifa, yote yamepotea. Huu ni muungano wa jina tu. Usiweke daftari la wanachama humo.

Aina ya 1: Diski mbili ni pacha. Kila kinachoandikwa katika moja huandikwa katika ya pili. Moja ikifa, pacha wake anaendelea.

Aina ya 5: Katika diski nne, nafasi ya moja hutumika kuweka hesabu ya kinga, nawe unabaki na terabaiti 12. Diski yoyote moja ikifa, kazi yaendelea. Ya pili ikifa kabla ya kuponya ya kwanza, yote yamekwisha. Hii ndiyo tuliyokuwa nayo.

Aina ya 6: Nafasi ya diski mbili hutumika kwa kinga, unabaki na terabaiti 8, na diski zozote mbili zaweza kufa bila kupoteza kitu.

Aina ya 10: Pacha wawili wawili waliounganishwa, na nafasi ni terabaiti 8. Katika kila jozi moja yaweza kufa. Pacha wote wawili wa jozi moja wakifa, yote yamekwisha.

Hesabu ya kinga inafanyaje kazi? Fikiri wapakiaji watatu wa magogo. Wa kwanza kapakia 7, wa pili 5, wa tatu 9. Wa nne hakupakia. Kaandika jumla tu, nayo ni 21. Sasa karatasi ya wa pili imepotea. Tunachukua 21, tunatoa 7, tunatoa 9, tunapata 5. Kilichopotea kimerudi. Mashine haijumlishi namna hii hasa, hutumia sifuri na moja na kuangalia shufwa na witiri, lakini fikra ni hiyo hiyo. Na jumla haiwekwi katika diski moja tu. Diski hupokezana zamu ya kuitunza.

Basi tazama jambo moja. Karatasi mbili zikipotea kwa wakati mmoja, yaani ya 7 na ya 5, kutoka 21 utajua tu kwamba zote mbili zilikuwa 12. Hutajua nani kapakia ngapi. Ndicho kilichotupata sisi siku ya arobaini na moja.

KADI NI NYAPARA

Katika seva nyingi za kazi, mpango huu husimamiwa na kadi maalumu iliyo ndani ya mashine. Kadi hiyo ni kama nyapara. Yeye ndiye anayezijua diski, anazigawia kazi, na kuandika hesabu ya kinga.

Juu ya kadi kuna Linux, programu kuu inayoendesha seva. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika jiji la Helsinki, Finland, na mtu yeyote aweza kuitumia bila kununua leseni. Ndiyo sababu chama kama chetu kimeichagua.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Linux haizioni diski nne. Huzungumza na nyapara tu, naye huionyesha kitu kimoja kikubwa. Ukiandika agizo la lsblk, utaona diski moja, kwa kawaida ikiitwa sda, na itaonekana nzima kabisa hata kama moja kati ya nne imekufa jana. Nyapara anaendelea kuleta kazi, kwa hiyo huku juu hakuna anayejua kwamba kule chini mtu ameanguka.

Hapana budi kumwuliza nyapara mwenyewe, na kila nyapara ana lugha yake. Kadi za LSI na Broadcom huulizwa kwa programu ya storcli, za Dell kwa perccli, za HPE kwa ssacli, na za Adaptec kwa arcconf. Kadi yetu ni ya aina ya kwanza. Karani huandika:

storcli64 /c0/vall show

Hapo huona hali ya muungano wote. Ikiandikwa Optl, kila kitu ki sawa. Ikiandikwa Dgrd, kinga imepungua: diski imeanguka nasi tunatembea ukingoni. Kisha huandika:

storcli64 /c0/eall/sall show

Hapo huona diski moja moja. Yenye Onln iko kazini. Yenye Rbld inaponywa. Yenye Offln au UBad imeanguka.

Iko pia njia nyingine ya kuunganisha diski bila kadi, ambapo Linux yenyewe ndiyo msimamizi kwa kutumia programu ya mdadm. Faida yake ni kwamba mashine ikifa, diski zaweza kuhamishiwa mashine nyingine yenye Linux na zikasomeka. Kadi ikifa, kwa kawaida yatakiwa kadi nyingine ya ukoo ule ule ndipo diski zisomeke. Kwa hiyo wanaotumia kadi waandike jina na namba ya kadi yao mahali pengine nje ya seva.

BETRI NA JENERETA

Kadi nzuri ina kumbukumbu yake ndogo yenye kasi. Ukiandika ada ya mwanachama, kadi huipokea katika kumbukumbu hiyo, hujibu "tayari", kisha huipeleka katika diski baada ya muda mfupi. Umeme ukikatika katika muda huo mfupi, kilichokuwa njiani chaweza kupotea. Ndiyo maana kadi huwa na betri au kifaa kama hicho cha kuhifadhi umeme.

Hapa Juba tunalijua jambo la umeme bila kuelezwa. Kituo kilichofunguliwa mwaka 2019 kimewafikia baadhi yetu, lakini jenereta zingali zinalia mitaani, na mafuta yakiisha hayapigi hodi. Kwa hiyo betri ya kadi si pambo. Betri ikichoka, kadi nyingi huacha kutumia kumbukumbu hiyo na kuandika moja kwa moja katika diski, nayo seva huwa nzito. Mkiona seva imekuwa nzito ghafla, ulizeni habari ya betri. Na fundi akitaka kuilazimisha kadi iendelee na kasi bila betri nzima, mkataeni.

YA KUFANYA KILA SIKU

Kwanza, karani atazame taa za mbele asubuhi na jioni, kisha aandike katika daftari la mkono: tarehe, hali, na jina lake.

Pili, Linux ina mlinzi wa saa aitwaye cron. Fundi amwagize aulize hali ya diski kila siku na apeleke habari kwa watu wawili. Mtu mmoja aweza kuugua au kusafiri.

Tatu, kadi iachwe ifanye doria, yaani izisome diski zote polepole, ili mahali pabovu pajulikane kabla ya siku ya shida.

Nne, jueni tofauti kati ya kunyamazisha king'ora na kukizima. Agizo la kunyamazisha hukomesha kelele ya sasa tu. Tatizo jipya likija kitalia tena. Agizo la kuzima hukiziba mdomo moja kwa moja. Karani wetu alizima, na ndiyo maana hatukusikia kitu tena. Hatumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfundisha, na sisi ndio tuliomtuma.

DISKI IKIFA

Kwanza, chukueni nakala ya daftari mara moja, kabla ya jambo lolote lingine, maana kazi ya kuponya huzichosha diski zilizobaki.

Pili, hakikisheni ni diski ipi. Agizo la start locate huwasha taa ya diski unayoitaja. Mtu akichomoa diski nzima na kuiacha ile mbovu, muungano wa aina ya 5 huanguka papo hapo. Watu wawili wasome namba kwa sauti kabla ya mmoja kuvuta.

Tatu, wekeni diski mpya ya aina ile ile, isiyo ndogo kuliko ya zamani. Kuponya huchukua saa nyingi, na kwa diski kubwa hupita siku nzima. Msizime mashine bila sababu.

Nne, diski ya badala iwe imenunuliwa mapema. Ikibidi iagizwe Kampala au Nairobi na kupita njia ya Nimule, zitapita siku nyingi, na siku hizo zote mnatembea ukingoni.

Tena msinunue diski zote kwa siku moja kutoka katika sanduku moja mkidhani ni usalama. Mwezi wa Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za chipu zilikuwa na kasoro katika programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zitakufa na vilivyomo visirudi. Dawa ilikuwa kubadili programu hiyo mapema. Fikirini: diski nne zilizowashwa siku moja zingekufa karibu saa moja. Umoja wa aina yoyote usingewasaidia.

UMOJA HUU HAUZUII KILA KITU

Ndugu, hili ndilo neno kubwa kuliko yote tuliyoandika. Reidi hulinda dhidi ya kifo cha diski. Hailindi dhidi ya moto, mwizi, wala mkono uliofuta kwa makosa. Ukifuta jina, diski zote hutii kwa pamoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua kabisa. Wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza kazi zao. Nasi wa Juba hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi wa Julai 2016 tuliona ghala la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likiporwa hapa hapa mjini. Aliyebeba gunia angeshindwa kubeba seva?

Kwa hiyo mafundi wana kanuni: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Sisi tumeongeza ya nne: kila miezi mitatu, nakala ifunguliwe katika mashine nyingine mbele ya mashahidi wawili, tuone kama inasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni kama ahadi ya mwajiri isiyoandikwa.

WAJIBU WA KILA MWANACHAMA

Ndugu mwanachama, seva si ya karani wala ya katibu. Imenunuliwa kwa ada yako. Katika mkutano ujao wa tawi simama uulize maswali matatu: Hali ya diski leo asubuhi ilikuwa nini, na ni nani aliyeitazama? Nakala ya mwisho ni ya tarehe gani, na iko wapi? Je, imepata kufunguliwa ikasomeka? Kiongozi asiyeweza kujibu apewe wiki moja akajifunze. Sisi tuliulizwa maswali hayo tukiwa tumechelewa, na hatukuwa na jibu.

Na stakabadhi yako usiitupe. Iweke mahali pakavu. Wawakilishi wa matawi nao waendelee kuandika madaftari ya mkono, maana ndiyo yaliyotuokoa.

Taa ya manjano ikiwaka, isiwe ya kila mtu hata ikawa haina mwenyewe. Aliyeiona kwanza ndiye mwenye kazi ya kupiga kelele.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.